Hayo ni ya Kibuyu

Nakal alitia kinga cha moto ndani ya kibuyu kidogo, akakizungusha mpaka moshi ukajaa, akakitoa na kukung'uta majivu. Kisha akamimina humo maziwa kidogo ya jana, akakitikisa kibuyu, akayarudisha maziwa kwenye kikombe chake na kuyanywa. Hapo ndipo kibuyu kilipokuwa tayari. Mkaza mwanawe, Nakiru, alikipokea bila kukitazama kwa sababu alikuwa amechelewa, akajaza uji wa mtama uliokwisha kupoa, akakifunika na kukining'iniza kiunoni.

Kibuyu hicho kilikuwa cha Isaac. Nyanya yake alimpa siku aliyozaliwa, na katika ukoo wa Nakal kibuyu cha mtoto hakioshwi kwa maji. Moshi hukisafisha, maziwa hukipa uhai, na maji hukiua, na mtoto ambaye kibuyu chake kimekufa huonekana kama mtoto asiye na mtu. Nakal hakuwahi kuliwazia jambo hilo mara mbili. Alilifanya kila alfajiri kama anavyofunga shanga zake shingoni.

"Ikoku amelala?" aliuliza, maana kwao mtoto huitwa ikoku.

"Hajalala, mama. Amejikuna usiku kucha."

Isaac hakuwa ametimiza mwaka. Mashavu yake yalikuwa mekundu na yenye magamba, na nyuma ya magoti ukurutu ulikuwa ukitoa maji. Mbavu zake zilihesabika. Nakiru alimfunga mgongoni, akajitwika mkebe wa maziwa ya kuuza, akatoka kambini huku mtoto akijisugua uso kwenye kitambaa cha mgongo wake.

Kambi yenyewe ilikuwa upande wa kaskazini wa mji wa Isiolo, nje ya kizuizi cha askari. Tangu vita vya mashifta, waasi wa huko kaskazini, vianze serikali iliwasogeza watu huko wakae mahali wanapoonekana, na ng'ombe waliobaki walichungwa mahali wanapoonekana pia, yaani kwenye ardhi isiyo na nyasi. Maziwa yalipungua, bei ikapanda, na bado aliyefaidika hakuonekana. Mume wa Nakiru, Lotukoi, alikuwa utingo kwenye malori ya serikali yaendayo Merti, na malori hayo yalikwenda kwa msafara na kurudi yalipojaliwa. Nakiru alikusanya maziwa kwa wanawake wa kambini na kuyauza mjini kwa cheti kilichosema sokoni na kurudi, basi.

Kwenye kizuizi wanawake walipanga mstari tangu jua halijachomoza. Askari alikuwa akitumbukiza fimbo katika kila mkebe, akikoroga, akitafuta risasi. Fimbo ni ile ile, mkebe hadi mkebe. Alipomfikia Nakiru alikoroga, akatikisa kichwa, halafu akakinyooshea kidole kibuyu.

"Na hii?"

"Uji ya mtoto, afande."

Askari akakifungua na kunusa. "Hii inanuka maziwa."

"Ni uji."

"Mama, mimi ni mtu wa Kericho. Maziwa ya kibuyu naijua kabla ya jina yangu. Hii inanuka maziwa."

"Kibuyu ndiyo inanuka," Nakiru alisema. "Si uji."

Askari alicheka kidogo, akamrudishia. Pengine alikumbuka kwao. Nakiru alivuka kizuizi akiwa na hasira ya kupotezewa wakati, na maneno ya askari yakapita kando ya sikio lake.

Hakuenda sokoni kwanza. Alikata nyuma ya kituo cha petroli, mahali ambapo Mbae alikuwa na kibanda chake cha kuchaji betri za malori. Mbae alitoka huko juu Meru. Wakati wa mkoloni alikuwa jeshini kwenye kikosi cha redio, na alipoachishwa alirudi na kisanduku cha mbao chenye kioo, na ndani ya kioo mshale mwembamba unaokwenda kushoto na kulia. Kwa kisanduku hicho alipima betri. Baadaye, jinsi alivyosimulia mwenyewe, alitambua kwamba mwili wa mtu nao ni betri, na akaanza kupima watu.

Watu walimcheka mpaka alipompima Isaac. Mtoto alikuwa amepewa maziwa ya ng'ombe kwa mara ya kwanza, midomo ikavimba, akatapika, ngozi ikatoka vipele vikubwa kama ameumwa na nyuki. Nakiru alikwenda hospitali siku mbili mfululizo akaambiwa arudi, kwa sababu lori lilikuwa limelipuliwa na bomu la ardhini na wadi zimejaa majeruhi. Mbae hakumwambia arudi. Alimkalisha, akamshikisha mtoto kipande cha shaba, akaweka waya wa pili kwenye maziwa, na mshale ukaruka mpaka mwisho. Nakiru alimnyima mtoto maziwa na kwa muda mtoto akapona, ngozi ikawa laini kabisa. Tangu siku hiyo mtu asingeweza kumwambia Nakiru neno juu ya Mbae.

Ndipo msako wa kizuizini ukawa mrefu, Nakiru akawa anashinda mjini kutwa, na ikambidi achukue uji wa mtoto kwenye kibuyu. Ukurutu ukarudi. Mbae akapima tena, na mshale ukakataa mahindi. Wakaacha mahindi, ukurutu ukabaki. Mshale ukakataa maharagwe, kisha nyama ya mbuzi, kisha ndizi, kisha yai. Kila kitu kilipokataliwa Nakiru alikiondoa na kungoja, na kila alipongoja mtoto alizidi kukonda. Mbae hakuwa tapeli. Laiti angekuwa tapeli, angeogopa kidogo. Aliamini mshale wake kwa moyo wote na alikuwa akimwonea mtoto huruma ya kweli.

"Mama Isaac, habari ya asubuhi," alisema sasa, akifuta mikono. "Umebakisha nini?"

"Mtama. Na titi."

"Basi tupime hizo mbili, tumalize."

Isaac alikuwa na mkono mkavu Mbae alipouweka mtama kwenye kifuniko cha bati. Mshale haukutikisika. Mbae akatabasamu, akasema mtama ni safi. Kisha Nakiru akakamua titi lake kidogo kwenye kifuniko kingine, na wakati huo Isaac, aliyesikia harufu ya maziwa ya mama yake, aliingiza ngumi mdomoni na kuanza kuinyonya. Walipomshikisha shaba ile ngumi ilikuwa imelowa mate. Mshale ukaruka. Ungeruka hata kama kwenye kifuniko kungekuwa na mchanga, maana shaba hupenda maji, lakini hakuna aliyeutazama mkono. Wote wawili waliutazama mshale.

Mbae aliukunja waya.

"Ni wewe," alisema kwa upole. "Pole sana. Maziwa yako ndiyo inamuua huyu mtoto."

Nakiru alihisi kama amepigwa kofi mbele za watu. "Titi?"

"Umeona na macho yako. Funga leo leo. Mpe uji ya mtama peke yake, kidogo kidogo, siku mzima." Akachukua chupa ndogo yenye maji ya shubiri. "Paka hii, atakataa mwenyewe."

Nakiru alimwachia chupa ya maziwa, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyomlipa siku zote, akajipaka shubiri nyuma ya mlango. Alipotoka hakujua aitazame wapi dunia. Miezi yote hiyo alidhani anamlea.

Asubuhi ile ilikuwa ndefu. Alizunguka na mkebe kichwani kutoka duka hadi duka, na wenye maduka wakamwambia maziwa yamekorogwa na fimbo ya askari, apunguze bei. Alipokataa, wakanunua kwa mwingine aliyekorogewa kwa fimbo hiyo hiyo. Matiti yalijaa, yakamvuta mabega. Isaac alilitafuta titi kutoka mgongoni, akatafuta kutoka kiunoni, na alipoliwahi akaonja shubiri na kulia kilio cha mtu aliyesalitiwa. Nakiru alimpa uji kutoka kwenye kibuyu. Alitapika. Akafuta, akampa tena, kidogo kidogo kama alivyoambiwa. Akatapika tena, na safari hii shingo ikaanza kutoa vipele.

Saa za adhuhuri alifika kwenye hoteli ya Gatakaa, mwanamke wa Kimeru mwenye sauti ya kuamrisha, aliyenunua maziwa yaliyobaki bila kubishana kila siku na kumwongezea kikombe cha chai. Leo Gatakaa alishika mkebe, akamtazama mtoto, akauweka mkebe chini.

"Huyu amekula nini?"

"Uji tu. Nimempa nyingi lakini anatapika."

"Mama Isaac, huyu mtoto anapumua kama mbwa amekimbizwa. Angalia mdomo yake."

Midomo ilikuwa imevimba. Nakiru alimtikisa, na shingo ya Isaac ikalala upande kana kwamba haina mwenyewe.

"Hospitali wataniambia nirudi," Nakiru alisema.

"Basi kaa pale mlangoni mpaka wakukanyage. Enda. Mkebe nitakuwekea."

Nakiru alikimbia. Cheti chake kilisema sokoni na kurudi, na mbele ya ofisi ya wilaya askari mwingine alimwita, lakini hakusimama, na askari naye hakuwa na ari ya kumkimbiza mwanamke mwenye mtoto kwenye jua lile.

Ukumbi wa hospitali ulijaa watu waliolala chini. Lori jingine lilikuwa limeshambuliwa kwenye barabara ya Kinna. Nakiru hakupanga mstari. Alimweka Isaac mezani mbele ya nesi aliyekuwa akikunja bendeji, nesi mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliyeitwa Gaceri. Gaceri alifungua kinywa kumfokea, akamwona mtoto, akaacha. Alimchoma sindano pajani, akamwinua kichwa, akangoja huku ameshika mkono wake. Baada ya muda kifua cha Isaac kikatulia, na akaanza kulia. Nakiru naye akalia.

"Mtoto ana nini na nini? Sema pole pole," Gaceri alisema.

Nakiru alisema yote: maziwa, mshale, mahindi, maharagwe, nyama, ndizi, yai, na sasa titi. Gaceri alisikiliza akizidi kukunja uso, na Nakiru alipofika kwenye titi, nesi alikishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Nani amekwambia umnyime titi?"

"Fundi Mbae. Mshale imeruka."

"Mshale," Gaceri alisema. Alionekana kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka hasira na kukosa. "Sikia, mama. Maziwa ya ng'ombe inamkataa, hiyo ni kweli. Kuna watoto hivyo, daktari ametuonyesha wawili hapa hapa. Hata ya mbuzi usimpe. Ya ngamia hatujui, kwa hivyo pia usijaribu. Lakini zile zingine zote mmemnyima bure. Huyu ana njaa."

"Mshale ilijua maziwa kabla yenu."

"Wewe ulijua kabla ya mshale. Si midomo ilivimba alipokunywa? Hiyo ndiyo kupima. Unaondoa kitu kimoja, unangoja, unatazama mtoto. Hautazami kisanduku."

Nakiru akasema, kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya baraza, "Maziwa niliondoa. Hajaonja hata tone. Na bado leo amekuwa hivi, na titi sijampa. Amekula uji ya mtama peke yake."

Gaceri alitazama kiunoni mwake. "Uji iko ndani ya hiyo?"

"Ndiyo."

"Leta."

Gaceri alikifungua kibuyu, akamwaga uji uliobaki kwenye beseni, akanusa. Aliingiza kidole mpaka kikafika mbali, akakigeuza ndani, akakitoa. Kwenye ncha ya kidole kulikuwa na utando mweupe wenye mafuta, na chembe nyeusi za mkaa.

"Unaosha na nini?"

"Haioshwi. Mama mkwe anafukiza, halafu anatia maziwa kidogo, anatikisa, anatoa."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi. Lakini hayo ni ya kibuyu. Si ya mtoto."

Alisema hivyo bila wasiwasi, kwa sababu ndivyo alivyofahamu tangu utotoni: kuna maziwa ya watu na kuna maziwa ya vyombo, na mtu aliyekatazwa maziwa ya watu hajakatazwa chombo chake. Gaceri alikishikilia tu kile kidole kati yao. Na hapo maneno yake mwenyewe yakamrudia Nakiru, na ya askari wa Kericho yakayafuata, na akaona asubuhi zote zile zikiwa zimepangwa mstari, yeye akiwa amekaa kwenye kivuli cha duka, akimwinamishia mtoto kibuyu na kumbembeleza amalize.

"Nimempa mwenyewe," alisema. "Leo nimempa mpaka imeisha."

"Hukujua."

"Alikuwa anatapika na mimi namwongeza."

Gaceri alimpa kipande cha sabuni na kumwonyesha mfereji. Nakiru aliosha shubiri, akasugua mikono iliyoshinda kwenye mkebe, akarudi, na Isaac akalishika titi kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo. Wakati akinyonya, Gaceri alimpa masharti. Titi lisikatwe. Yeye Nakiru mwenyewe aache maziwa, hata ya chai, maana mengine hupita kwa mama. Mahindi, maharagwe na nyama virudi, kimoja kimoja. Uji uchukuliwe kwenye kopo la bati, na akamletea kopo tupu la dawa lililochemshwa. Maziwa asijaribiwe nyumbani hata tone. Wakati wake ukifika atajaribiwa pale hospitalini, sindano ikiwa karibu.

"Leo ni siku ya chakula kambini," Nakiru alisema. "Karani anataka kila mtoto anywe maziwa ya unga mbele yake. Mwezi uliopita aliniruhusu. Mwezi huu amesema hapana. Niandikie kitu."

"Nikiandika mimi atatupa. Anataka sahihi ya daktari."

"Daktari yuko wapi?"

Gaceri alielekeza kidevu kwenye mlango uliofungwa, ambao chini yake kulitoka maji mekundu ya kudekia. "Yuko na watu wa lori tangu asubuhi. Ukimngoja mpaka usiku, kizuizi kitafungwa." Akaminya midomo. "Mwambie kwa mdomo. Mwambie sister amesema."

Nakiru alirudi kambini, akamwambia kwa mdomo. Karani wa chakula, Murithi, alikuwa kijana wa shati jeupe, na nyuma yake kulikuwa na pipa la maziwa ya unga yaliyokorogwa na magunia ya unga wa mahindi. Sheria yake ilikuwa fupi. Mtoto anakunywa kikombe hapo hapo, mama anataja jina la mtoto, karani anatia alama kwenye kadi, na mama anapewa unga. Maziwa hayabebwi, ili yasiuzwe wala yasipelekwe msituni. Asiyekunywa hapewi unga.

Murithi alisikiliza habari ya sister akiwa bado anaandika.

"Hakuna mtoto anakataa maziwa," alisema. "Hasa nyinyi. Nyinyi mnazaliwa kwa maziwa."

"Huyu inamuua, karani. Ametoka hospitali sasa hivi. Angalia mdomo yake."

"Barua iko wapi?"

"Daktari anatibu watu ya lori."

"Basi hakuna barua." Murithi aliinua macho, na hayakuwa macho ya mtu mbaya, yalikuwa ya mtu anayeogopa mkubwa wake. "Mama, vikombe inahesabiwa. Ikipungua, mimi ndiyo naulizwa. Na wanaokataa maziwa ya serikali, unajua wakubwa wanasemaje? Wanasema huyo ana maziwa ingine. Iko wapi? Iko na ng'ombe wake, na ng'ombe iko kwa shifta."

"Mimi nauza maziwa kwa cheti yenu."

"Ndiyo hiyo nasema," Murithi alijibu, na alionekana kufurahi kwamba mambo yamepatana. "Unauza maziwa, halafu mtoto wako hanywi. Sasa mimi niandike nini? Kunywa ama toka, watu wanangoja."

Watu walikuwa wanangoja kweli. Katika mstari wa wazee, pembeni, Nakal alikuwa amekwisha kunywa kikombe chake na kupanguza mdomo, akimtazama mkwewe. Nyumbani hakukuwa na unga. Mtama ulikwisha kwa uji wa asubuhi, na Lotukoi hajulikani alipo kati ya hapa na Merti. Mahindi ambayo Gaceri alisema yarudishwe yalikuwa ndani ya yale magunia.

Nakiru alikichukua kikombe.

"Hajui kunywa na kikombe," alisema. "Nampa kwa mdomo yangu."

Hilo halikumshangaza mtu, maana akina mama wengi pale huwanywesha watoto hivyo. Murithi akaitikia kwa kichwa. Nakiru alijaza kinywa, akajifunika shuka pamoja na mtoto, akaweka paji la uso wake kwenye paji la uso wa Isaac, midomo mbali na midomo, akakaa hivyo kiasi cha kuaminika. Akarudia kujaza kilichobaki. Kisha akamrusha mtoto mgongoni, akamfunga, akaweka kikombe kitupu mezani na kunyoosha mkono kuomba kadi.

"Jina la mtoto?" Murithi aliuliza.

Nakiru alielekeza kidole kwenye kadi.

"Najua imeandikwa. Sheria ni utaje. Jina?"

Mashavu yalikuwa yamemjaa. Maziwa yalikuwa ya uvuguvugu na matamu, na yeye hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri. Koo lilikuwa likiyataka, likipanda na kushuka lenyewe, na alihisi matone mawili matatu yakitaka kuteremka bila ruhusa yake. Akiyameza, unga ni wake. Akiyameza, yatapita kwake na kwenda kwa yule aliyelala mgongoni, ambaye midomo yake bado haijarudi. Alimtazama Murithi kwa macho yaliyojaa machozi. Mwanamke wa nyuma yake akamsukuma kidogo. Nakal alikuwa amesogea karibu.

"Mama, taja jina nitie alama."

Nakiru aliinama mbele ili yasimfikie mtoto, akafungua kinywa. Maziwa yakamwagika kidevuni, kifuani, mpaka kwenye vumbi, na mstari mzima ukageuka kumtazama, kwa kuwa hakuna mtu pale aliyewahi kumwona mtu mzima akitema maziwa.

"Isaac," alisema. "Isaac Lotukoi."

Murithi aliichukua kadi, akaiweka chini ya mkono wake, akaita anayefuata. Hakupiga kelele. Aliandika kwamba nyumba ile haina shida ya chakula, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Nakiru alikwenda kwenye mfereji wa kambi, akasukutua mara nyingi, akaosha kidevu na kifua kwa kipande cha sabuni cha Gaceri. Nakal alimfuata, akasimama pembeni kwa aibu.

"Umemwaga maziwa mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na unga?"

"Hakuna unga."

Nakal aliliona kopo la bati mkononi mwa mkwewe, kisha akakiona kibuyu kiunoni, kitupu, kifuniko kikiwa kimelegea. "Mbona anakula kwenye bati na chombo chake kipo?"

Nakiru alikuwa amepanga kuyasema hayo usiku, kwa maneno laini. Yalitoka pale pale, bila mpangilio: sindano, kidole cha nesi, utando mweupe, asubuhi zote zile. Nakal alisikiliza akiwa ameshika shanga zake.

"Hayo ni ya kibuyu," alisema.

"Nilisema hivyo hivyo, mama."

Mwanamke mzee aliinyoosha mikono, na Nakiru akakifungua kibuyu na kumpa. Nakal alikigeuza, akakinusa, akalipapasa tumbo lake lililong'aa kwa mafuta ya mikono. Isaac alikuwa macho, akimtazama nyanya yake kutoka mgongoni kwa jicho moja, jingine likiwa limevimba. Nakal alimtazama naye kwa muda. Halafu akainama, akakiweka kibuyu chini ya mfereji na kuuzungusha, na maji yakaingia.

Kilijaa, yakafurika, yakatoka kwanza meupe, kisha ya kijivu. Mtu mmoja kwenye foleni ya maji akasema kwamba maji yanapotea bure. Nakal hakuufunga mfereji.